Vumbi la mkaa linatafuta kiwanda

Washa jiko la mkaa usiku, zima taa, kisha subiri mkaa ukolee. Juu ya mkaa mwekundu utaona mwali wa buluu unaorukaruka bila moshi. Wapishi wanaujua, ukitokea, ndipo maharage yanapoinjikwa. Mwali ule hautoki kwenye mkaa moja kwa moja. Hewa inayoingia kwenye kidirisha cha chini inaunguza mkaa wa chini na kuwa hewa ukaa. Hewa ukaa hiyo inapopanda katikati ya mkaa ulioiva kwa joto, mkaa unainyang'anya sehemu ya oksijeni yake, na kinachotokea juu ni kaboni monoksaidi, gesi inayowaka. Ikikutana na hewa ya jikoni inashika moto, na rangi yake ndiyo ile buluu. Kwa hiyo kila jiko la bati linalouzwa pale Mlandizi, mkoani Pwani, ni mtambo mdogo wa gesi, ingawa fundi aliyeligonga alikuwa anafikiria ugali tu.

Mkoa wa Pwani, basi, umekuwa ukigeuza mkaa kuwa gesi kila jioni kwa miaka mingi. Kinachosumbua ni mabaki: chenga na vumbi ambavyo jiko haliwezi kula, maana ukivijaza humo vinaziba njia ya hewa na moto unakufa. Kibaha na Kisarawe zina mabaki ya aina mbili, ya mkaa wa miti na ya makaa ya mawe, na kila aina imefika huko kwa njia yake.

Mkaa wa miti ndio mwenyeji. Barabara ya Morogoro upande wa Kibaha na barabara ya Pugu upande wa Kisarawe ni milango miwili ambayo Dar es Salaam imeingiziwa kuni na mkaa tangu ikiwa mji mdogo. Baiskeli zilizobebeshwa magunia ya lumbesa, zikisukumwa alfajiri kwenye vilima vya Pugu, ni sehemu ya mandhari ya Kisarawe kama ilivyo minazi. Misitu ndiyo iliyolipa. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Antje Ahrends walichapisha utafiti uliopima namna uharibifu wa misitu ulivyosambaa kutoka Dar es Salaam kati ya 1991 na 2005. Waliuona ukienda kwa mawimbi: la mbao za thamani likitangulia mbali, la mkaa likifuata karibu zaidi na jiji, na wimbi la mbele likisonga kwa kilometa 9 hivi kila mwaka. Msitu wa hifadhi wa Ruvu Kusini, ulio kati ya Kisarawe na Kibaha, ulikumbwa na wimbi hilo la mkaa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo watu wa jiji hupenda kuiita mapafu yao, iko karibu zaidi na ilikuwa imeshaonja shoka kabla.

Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya 2009 kuhusu biashara ya mkaa nchini, ilikadiria kwamba Tanzania hutumia tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka na kwamba nusu yake huishia Dar es Salaam. Ripoti hiyo ilionyesha pia kuwa kati ya 2001 na 2007 sehemu ya kaya za jiji zinazopikia mkaa ilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Jiji limekua sana tangu hapo, lakini tuzishike tarakimu hizo kwa hesabu ya haraka. Kila gunia linaposhushwa, kupakiwa upya na kumwagwa ili lipimwe kwa kopo au debe, mkaa unavunjika. Katika biashara hii barani Afrika hukadiriwa kwamba asilimia 10 hadi 15 ya mkaa hugeuka chenga na vumbi kabla haujafika jikoni. Chukua 10 tu ya tani 500,000: ni tani 50,000 kwa mwaka. Tena tanuri la udongo la kienyeji hula tani 8 hadi 12 za kuni ili litoe tani 1 ya mkaa. Maana yake vumbi hilo limebeba ndani yake tani 400,000 au zaidi za miti ambayo imeshakatwa, imeshachomwa, imeshasafirishwa na imeshalipiwa ushuru, au imeshaukwepa.

Linakwenda wapi? Lingine hufukia madimbwi ya mtaani, lingine humwagwa mtaroni, lingine hupelekwa kwenye bustani za mchicha. Vikundi vya akina mama hulikanda kwa udongo wa mfinyanzi au uji wa muhogo na kulifinyanga vidonge. Nairobi, kampuni ya Chardust iliijenga biashara yake mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kukusanya vumbi la aina hiyo kwenye vijiwe vya wauza mkaa na kulibana tena. Dar es Salaam kulikuwa na Mkaa Mkombozi wa kampuni ya ARTI Energy, uliotengenezwa kwa mabaki ya mimea. Kazi hizi ni nzuri, na kwa matumizi ya nyumbani sioni njia iliyo bora kuliko kulibana vumbi likawa tofali dogo linalokaa kwenye jiko lile lile. Ila vikundi hivyo vinaokota kiasi kidogo tu cha kinachomwagika.

Makaa ya mawe ni mgeni, na ametoka mbali. Mgodi wa Kiwira, huko mpakani mwa Mbeya na Songwe, ulifunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa China, ukiwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Siku hizi uko chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, ambalo limeamua kuyaleta makaa hayo jikoni kwa sura ya mkaa mbadala unaouzwa kwa jina la Rafiki Briquettes. Moja ya mitambo ya kuuzalisha imewekwa Kisarawe, karibu na soko la Dar es Salaam. Kwa hiyo wilaya isiyo na hata punje ya makaa ya mawe ardhini imejikuta ikipokea makaa yaliyosafiri zaidi ya kilometa 800 ili yashindane na mkaa wa miti ya jirani.

Nani asiyejua kwamba penye kuponda pana chenga? Makaa ya mawe huzaa mabaki katika kila hatua. Yakichimbwa na kupondwa hutoa chenga na unga. Yakioshwa ili mawe na udongo vitengane nayo, hubaki tope jeusi lenye makaa ndani yake. Afrika Kusini, inayochimba kuliko nchi nyingine yoyote barani, ina malundo ya mabaki kama hayo yanayokadiriwa kuzidi tani bilioni 1, na baadhi yake hushika moto yenyewe na kuungua miaka kwa miaka. Kuna hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Makaa ya mawe mabichi hayafai kuingizwa jikoni: yana moshi mzito, lami na harufu ya salfa. Njia inayojulikana duniani ni kuyapasha joto kwanza mahali pasipo na hewa ya kutosha, moshi na lami vitoke, ibaki kaboni na majivu. Makaa hayo yaliyotolewa moshi huwa mepesi, yana matundu mengi, na huvunjika ovyo. Chenga zake zina kaboni nyingi kuliko makaa mabichi, na kwa sababu lami imeshaondoka, gesi yake ni safi zaidi.

Jambo hilo la lami lina uzito. Waliowahi kuhangaika na mitambo ya gesi ya kuni watakuambia adui yao si moto, ni lami inayoganda kwenye mabomba na vali za injini. Mkaa, uwe wa mti au wa makaa ya mawe, lami yake imeshatolewa mapema. Ndiyo maana Vita Kuu ya Pili ilipoikausha petroli Ulaya, magari mengi yalifungwa matanuri ya gesi nyuma na kuendeshwa kwa kuni na mkaa. Sweden peke yake ilikuwa na magari zaidi ya 70,000 ya namna hiyo. Mfaransa Georges Imbert alijulikana kwa tanuri lililoweza kuunguza lami ya kuni ndani kwa ndani. Kabla yake, kwa zaidi ya karne moja, miji ya Uingereza ilikuwa ikiwasha taa za barabarani kwa gesi ya makaa ya mawe. Kampuni ya kwanza ya gesi ya London ilipata hati yake mwaka 1812. Makaa yalipashwa joto, gesi ikatoka, ikabaki koki. Mwaka 1873 Mmarekani Thaddeus Lowe alionyesha namna ya kuigeuza koki hiyo nayo kuwa gesi: alipuliza hewa mpaka koki ikawa nyekundu, kisha akapitisha mvuke wa maji. Mvuke na kaboni vikabadilishana, vikatoka kaboni monoksaidi na hidrojeni. Kazi hiyo hula joto, tanuri hupoa upesi, na fundi hulazimika kurudi kwenye hewa. Mitambo ya leo hupuliza hewa na mvuke kwa pamoja, lakini msingi ni ule ule wa Lowe.

Kwa nini basi Kisarawe isianze kesho kuligeuza vumbi lake kuwa gesi? Kwanza, ukubwa wa punje. Tanuri la gesi la kawaida, lile ambalo fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kulitengeneza Gerezani, hupangwa mkaa kama nguzo ndani ya pipa la chuma, na hewa hupenya kati ya vipande. Vipande hivyo vinatakiwa viwe na milimita 10 hadi 50 hivi. Ukitia vumbi, hewa hutafuta upenyo mmoja na kukimbilia humo. Hapo huungua vikali, majivu yanayeyuka na kuganda kuwa bonge gumu mfano wa mavi ya chuma, wakati pembeni mkaa umelala baridi. Gesi inayotoka haitoshi hata kuchemsha chai. Hata Sasol, kampuni ya Afrika Kusini iliyoanzishwa mwaka 1950 na ambayo kule Secunda hugeuza makaa ya mawe kuwa gesi kisha mafuta ya magari, imekuwa ikilisha matanuri yake vipande, huku chenga zikipelekwa kwenye matanuri ya mvuke.

Vumbi lina matanuri yake. Mjerumani Fritz Winkler aliona kwamba ukipuliza hewa kutoka chini ya chembe za makaa kwa nguvu ya kutosha, chembe zinaelea na kuchemkachemka kama uji, joto linasambaa sawasawa, na hakuna bonge linaloganda. Mtambo wake wa kwanza mkubwa uliwashwa Leuna mwaka 1926. Baadaye likaja tanuri la Koppers-Totzek, ambalo husaga makaa yawe laini kuliko unga wa ngano na kuyapuliza pamoja na oksijeni ndani ya moto mkali unaoyamaliza kwa sekunde chache. Hilo halikuishia Ulaya. Kule Kafue, Zambia, kiwanda cha mbolea cha Nitrogen Chemicals of Zambia kililitumia kugeuza makaa ya mawe ya Maamba kuwa gesi, na gesi kuwa amonia ya mbolea. Jirani yetu tunayeunganishwa naye kwa reli ya TAZARA alikuwa analisha mahindi yake kwa vumbi la makaa miaka ambayo sisi tulikuwa tunaagiza mbolea kwa meli. Nashangaa habari hiyo inavyotajwa kwa nadra hapa kwetu.

Lakini Koppers-Totzek inataka mtambo wa kutenga oksijeni, umeme usiokatika na wahandisi wa zamu usiku kucha. Haijengwi kwa ajili ya vijiwe vya mkaa vya Maili Moja, Kibaha. Tanuri la Winkler linaweza kufanywa dogo kidogo, na nchi za Asia zinayo mengi ya ukubwa wa kiwanda cha kati. Njia ya tatu, iliyo nyepesi kuliko zote, ni kuyabana mabaki yawe vidonge vya ukubwa mmoja kisha kuvitia kwenye tanuri la kawaida la nguzo. Kisarawe tayari kuna mashine za kubana. Kidonge kinachotoka kwa ajili ya jiko la mama lishe kinaweza, kwa kubadilisha kiungo cha kukishikamanisha ili kisivunjike kwenye joto la nyuzi 1,000, kutengenezwa kwa ajili ya tanuri la gesi. Pwani ina muhogo wa kutosha kwa kiungo hicho, na molasi hupatikana kwenye viwanda vya sukari vya Morogoro, ingawa wanga na molasi huungua mapema na huenda ikabidi kuongeza udongo, ambao nao huongeza majivu.

Pili, gesi yenyewe ni hafifu. Hewa tunayovuta karibu asilimia 80 yake ni naitrojeni, na naitrojeni hiyo hupita kwenye tanuri bila kuungua na kuizimua gesi. Meta 1 ya ujazo ya gesi ya tanuri linalotumia hewa ina megajuli 5 hivi za joto. Gesi asilia ya Songo Songo ina zaidi ya 35. Tena kaboni monoksaidi na hidrojeni hazigandamiziki zikawa kimiminika kwenye mtungi kama gesi ya kupikia ya dukani. Hapa ndipo matumaini mengi yanapopotea njia. Mtu akisikia "gesi ya mkaa kutoka Kisarawe" huwaza mtungi wa kilo 6 wa bei nafuu. Mtungi huo hautakuja. Gesi hii hutakiwa itumike ikiwa ingali moto, meta chache kutoka ilipozaliwa, kwa kazi inayotaka joto kwa saa nyingi mfululizo.

Kazi hizo ziko. Kukausha muhogo na nafaka, kukaanga korosho, kuchoma matofali na vigae, kuchemsha maji ya boila, kupikia jikoni kwenye shule za bweni ambazo Kibaha inazo nyingi tangu enzi za mradi wa nchi za Nordic wa mwaka 1963 uliozaa Shirika la Elimu Kibaha. Hizi ndizo kazi ambazo tanuri la gesi limefanya vizuri duniani. Mwaka 1995 Hubrecht Stassen aliiandikia Benki ya Dunia tathmini ya mitambo midogo ya gesi ya mimea iliyokuwa imefadhiliwa katika nchi nyingi, na hukumu yake ilikuwa wazi: ya kutoa joto ilidumu, ya kuzalisha umeme kwa injini mingi ilikuwa imelala. Ufilipino iliingia kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikafunga matanuri ya mkaa kwenye pampu za umwagiliaji na boti za wavuvi. Bei ya mafuta iliposhuka na vipuri vilipoadimika, wakulima wakarudi kwenye dizeli.

Afrika Mashariki nayo ina makovu na mafanikio yake. Mwaka 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente cha Uholanzi, Groeneveld na Westerterp, walichapisha kazi kuhusu kuingiza teknolojia hii katika vijiji vya Tanzania, wakilenga mashine za kusaga ziendeshwe kwa gesi ya magunzi ya mahindi. Ilikuwa fikra nzuri: mashine inasaga mahindi, magunzi yanaiendesha mashine. Magunzi kwa hiyo yangekuwepo pale pale penye kazi. Uganda, shamba la chai la Muzizi lilifunga mwaka 2006 mtambo wa India wa kilowati 250 uliotumia mikaratusi. Kenya, kule Marigat katika kaunti ya Baringo, kampuni ya Cummins ilijenga mtambo wa kugeuza mti msumbufu wa mathenge kuwa gesi ya umeme, mradi uliotangazwa kwa matumaini makubwa kuliko umeme uliotoka. Nyumbani, Lugano Wilson wa TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, akishirikiana na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Geoffrey John na Cuthbert Mhilu, na wenzao wa Stockholm, alichapisha mwaka 2010 majaribio ya kugeuza maganda ya kahawa kuwa gesi kwa hewa na mvuke wa joto kali. Kwa hiyo tukisema Watanzania hawana ujuzi huu tutakuwa tunawadhulumu.

Tatu ni hatari, na hapa sitaki kupunguza maneno. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa wakati wa baridi: kichwa kinauma, usingizi unashuka, na hakuna anayeamka. Katika jiko gesi hiyo ni kidogo na nyingi huungua juu ya mkaa. Katika tanuri la gesi ni asilimia 20 hadi 30 ya kinachopita kwenye bomba. Mshono mmoja uliovuja kwenye banda lisilo na madirisha makubwa unatosha kuua zamu nzima. Kwa sababu hiyo nisingependa kuona tanuri hili likigawiwa kaya kwa kaya au kufungwa kwenye mgahawa wa uchochoroni na mradi wa miezi sita. Mahali pake ni banda lililo wazi, penye vifaa vya kupima gesi vinavyolia, na mafundi waliofunzwa kuwasha, kuzima na kusafisha.

Makaa ya mawe yanaongeza mambo mawili juu ya hayo. Salfa yake hugeuka gesi yenye harufu ya yai bovu, na lazima inaswe kwa chokaa kabla gesi haijachomwa. Na kama makaa hayakutolewa moshi kwanza, maji ya kuoshea gesi hujaa fenoli, sumu ambayo viwanda vya vigae vya China vimepata nayo taabu kubwa. Nchini Uingereza, viwanja vya viwanda vya gesi vilivyofungwa miaka mingi iliyopita bado husafishwa lami na sumu ardhini kabla ya kujengwa nyumba. Kisarawe ina vyanzo vya maji vinavyoshuka mabondeni hadi mitaa ya Dar es Salaam. Atakayeomba kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa mtambo wa namna hii aanze kwa kueleza maji yake machafu yatakwenda wapi, kabla ya kueleza megajuli.

Kuna mwenye kuuliza, tena kwa haki: kwa nini tujisumbue na vumbi wakati gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ikafika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba jingine kutoka Mtwara likazinduliwa 2015? Ndiyo. Pale bomba linapofika, gesi ya vumbi haiwezi kushindana nayo. Viwanda vya Mkuranga vilivyounganishwa na bomba la TPDC, Shirika la Maendeleo ya Petroli, kikiwamo cha vigae cha Goodwill, havina sababu ya kurudi kwenye majivu. Lakini bomba halijafika kila kiwanda cha Kibaha, wala kila shule ya Kisarawe, na tawi la bomba hujengwa kwa mteja mkubwa kwanza. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 8 Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekuwa za kwanza kuambiwa ziache kuni na mkaa. Taasisi hizo zinatafuta joto sasa hivi.

Hapa lazima nitofautishe mabaki yale mawili, maana watetezi wake huyachanganya. Makaa ya mawe, hata yakiitwa mkaa mbadala, ni kaboni iliyokuwa imefungiwa ardhini. Kwa kila kipimo cha joto hutoa hewa ukaa karibu mara mbili ya gesi asilia. Yanaokoa mti wa Ruvu, hilo halina ubishi, na kwa mkuu wa shule aliyezuiwa kuni ni jibu la leo. Lakini kuchimba makaa mapya Kiwira na kuyasafirisha hadi Pwani ili yageuzwe gesi ni kwenda mbali kufuata kilicho karibu. Mabaki ya mtambo wa Kisarawe wenyewe ni habari nyingine, kwa sababu yameshafika na gharama ya barabara imeshalipwa. Yachanganywe na vumbi la mkaa wa miti la Kibaha, yabanwe, yaende kwenye tanuri moja la kiwanda kimoja kitakachokubali kuwa cha kwanza. Mkaa wa miti una salfa kidogo sana, na ukichanganywa na makaa ya mawe unaipunguza salfa ya mchanganyiko mzima. Hapo vumbi la miti lina thamani kuliko uzito wake.

Kitakachoamua mradi huo ni majivu. Mkaa mzuri wa mti una asilimia 3 hadi 5 ya majivu. Vumbi linalozolewa kwa ufagio kwenye ardhi tupu ya kijiwe lina mchanga ndani yake, na mchanga ni majivu mengine. Likifika asilimia 30, tanuri litashinda linatolewa mabonge badala ya kutoa gesi. Makaa ya Kiwira nayo hayajulikani kwa uchache wa majivu. Maabara ya TIRDO pale Msasani ina uwezo wa kupima majivu, unyevu, salfa na joto kwenye sampuli chache za vumbi kutoka Maili Moja, Mlandizi, Pugu na mjini Kisarawe, pamoja na mabaki ya mtambo wa Rafiki. Na kijiwe kitakachotandika turubai chini ya magunia kabla ya sampuli kuchukuliwa kitakuwa na vumbi la kuuza, wakati cha jirani kinaendelea kufukia madimbwi.